Mumiani, Liyongo na Matangi ya Damu: Shujaa Asiyekufa katika Mchezo wa Redio

Katika bunilizi za kisayansi za Uingereza, shujaa asiyekufa kukutana na wanyonya damu katika zama za mbali zijazo si jambo geni. Mfululizo wa Doctor Who, ulioanza katika televisheni ya BBC mwaka 1963 na ambao tangu 1999 umekuwa ukitolewa pia kwa sauti tupu na kampuni ya Big Finish, una mhusika mkuu ambaye kila akifikiwa na mauti hubadilika umbo akaendelea kuishi. Katika kisa cha State of Decay (1980), mhusika huyo anafika kwenye sayari inayotawaliwa na wanyonya damu watatu kutoka katika mnara mkongwe. Kumbe mnara wenyewe ni chombo cha angani, na matangi yake ya mafuta yamejazwa damu ya wanakijiji.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kisa cha namna hiyo kikitungwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya msikilizaji aliyeketi barazani mtaani Shella, Malindi, hakitaanza na ukurasa mtupu. Mnyonya damu tayari ana jina pwani: mumiani.

Neno hili lina historia ya kustaajabisha. Asili yake ni lugha za Kiajemi na Kiarabu, ambamo lilitaja dutu nyeusi mfano wa lami iliyotumiwa kama dawa. Kamusi Sanifu ya Johnson ya mwaka 1939 inaieleza dutu hiyo kuwa dawa ya kupaka na ya kunywa, ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine, kisha inaongeza kuwa watu wengi waliamini ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Uvumi ukienea kwamba mumiani inatafutwa, watu hawakutoka nje baada ya magharibi. Hivyo jina la dawa likawa jina la mtu anayeitafuta. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires (2000), amefuatilia uvumi huu kote Afrika Mashariki na ya Kati: bazimamoto nchini Uganda, batumbula katika Kongo, banyama katika Zambia ya leo. Nairobi na kwingineko lawama iliwaangukia watu wa zimamoto, na gari lao likaaminika kuwa la kubebea damu.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Mnyonya damu wa Ulaya ni maiti aliyefufuka. Ana meno, ana jeneza, na hunywa mwenyewe. Mumiani ni mtu hai, tena mwajiriwa. Ana zana, gari na tajiri wake, na damu aichukuayo ni ya kuuzwa. Isitoshe, Tanzania ya Azimio la Arusha ilizoea kumwita mnyonyaji wa uchumi kupe, na kuizungumzia mirija yake. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, basi, matangi ya State of Decay hayana ugeni wowote. Yamkini angeyaelewa upesi kuliko watazamaji wa London waliozoea majeneza.

Na shujaa je? Fumo Liyongo, kama alivyosimuliwa na Edward Steere katika ngano zilizochapishwa 1870 na kama alivyotungiwa utenzi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hapenyeki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Siri hiyo inatolewa na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Kutokufa kwa Liyongo kuna tundu, nalo liko pale alipounganishwa na mamaye. Akiisha kuchomwa, anapiga goti karibu na kisima, mshale umevutwa, na anakata roho katika hali hiyo. Watu wanakaa siku kadhaa bila maji kwa kudhani yu hai. Huu ni utisho wa hali ya juu: si maiti inayotembea, bali maiti ambayo hakuna anayethubutu kuikaribia.

Tukio hilo lafaa mno kwa redio, kwani hofu yake yote imo katika ukimya: ndoo isiyoshuka kisimani na sauti ya mama akimbembeleza mwanawe bila kujibiwa. Hali kadhalika tukio la gerezani. Mamaye anamfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa, naye anakata minyororo huku ngoma na siwa za gungu zikiufunika mkwaruzo. Mtayarishaji wa mchezo wa redio hahitaji kubuni chochote hapo. Mbinu ya sauti imo tayari ndani ya kisa.

Zama zijazo nazo zina makao yake hapa hapa. Kaskazini mwa Malindi, huko Ngomeni, Waitaliano walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini kati ya 1967 na 1988. Ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru, nayo ilikuwa ya kwanza kuchunguza miali ya eksirei ya anga kwa mpangilio. Isitoshe, Katama Mkangi, mwana wa Kilifi aliyefariki 2004, alikwisha kuandika Walenisi (1995), ambamo Dzombo anahukumiwa kufa ndani ya chombo cha angani lakini anatua salama katika jamii isiyo na unyonyaji. Hukumu ya kifo inageuka safari. Ni kutokufa kwa namna yake.

Hata hivyo, mtunzi atakayemwingiza mumiani redioni ashike kalamu kwa hadhari, maana imani hii ingali hai na inaua. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, makundi ya raia yaliwaua watu kadhaa kwa kuwashuku kuwa wanyonya damu, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya maeneo. Sauti isiyo na picha, ikisikika jioni na mtu aliyekosa utangulizi wa mchezo, yaweza kudhaniwa kuwa taarifa. Kuupeleka mchezo miaka elfu mbele, penye mlio wa vyombo vya Ngomeni visivyokuwapo bado, kunampa msikilizaji huyo ishara tangu sekunde ya kwanza. Gari jekundu la zimamoto likibaki katika onyesho, ishara hiyo imefutika.