Mama, Usifiche Ugonjwa Kwenye Kartasi ya Asiransi

Mama mpenzi, umekuja kliniki kupima mtoto. Leo tuseme juu ya feza itakayomlinda mtoto huyu kama siku moja wewe hauko tena.

ASIRANSI YA MAISHA NI NINI?

Ni mapatano na kampuni. Unalipa feza kidogo kila mwezi ao kila mwaka. Ukifa, kampuni inawalipa wale uliowaandika. Zamani, tangu 1967, SONAS peke yake ilikuwa na ruhusa ya kuuza asiransi katika inchi yetu. Sheria ya 2015 ilifungulia makampuni mengine mlango. Ofisi ya Serikali inayoyachunga inaitwa ARCA. Hata benki inaweza kukuomba asiransi mbele ya kukukopesha feza.

SHIDA IKO WAPI?

Mara nyingi kampuni inakupa kartasi ya maswali. Umelazwa hospitali? Ulitumia dawa gani? Ulipata ugonjwa wa akili?

Tufikiri mama mmoja wa Manika. Nyuma ya kuzaa alikosa usingizi, alilia kila siku, hakutaka hata kumshika mtoto. Daktari alimpa dawa, akapona. Miaka mitatu kiisha, anajaza kartasi ya asiransi. Anaona haya, anaandika «Hapana». Analipa miaka sita, halafu anakufa kwa malaria. Kampuni inaomba kartasi za hospitali, na fishi ya zamani inaonekana. Inaweza kusema: «Alituficha kwa kusudi, mapatano hayana nguvu.» Watoto wanaweza kurudi mikono mitupu.

NA UKISEMA KWELI?

Kampuni inaweza kukupokea, kupandisha bei, kukuambia ungoje, ao kukataa. Kukataliwa kunauma. Lakini unajua mapema, na feza yako unaiweka pengine.

FANYA HIVI

1. Jibu kila swali linaloulizwa. Hakuna swali? Usiongeze habari.
2. Kama hujui Kifaransa vizuri, omba mtu unayemwamini akusomee. Usitie saini kartasi tupu.
3. Kama muuzaji anakuambia «Andika tu hapana», usimsikilize. Siku ya matanga yeye hatakuwapo.
4. Omba daktari wako akuandikie: ulipatwa na nini, mwaka gani, ulipona namna gani. Yeye hana ruhusa ya kutoa siri yako bila wewe kukubali.
5. Chunga kopi ya kila kartasi, na umwonyeshe mtu wa jamaa mahali ilipo.

Tena, uliza kama kazi ya bwana yako imeandikishwa kwa CNSS (zamani INSS). Pensheni ya mjane na yatima ina masharti yake, lakini haiulizi kama ulipata kuugua akili.

NENO LA MWISHO

Kuna mama anayeacha dawa ili jina lake lisiandikwe kwenye fishi. Mama, usifanye vile! Ugonjwa wa akili nyuma ya kuzaa si haya, si uchawi. Ni ugonjwa, na unapona. Usipotunzwa, unaweza kukuondolea uzima, na mtoto pamoja nawe. Kama unakosa usingizi, ao mawazo ya kujiua yanakujia, usingoje kesho. Mwambie muuguzi leo.

Asiransi ya kwanza ya mtoto ni mama aliye mzima.