Ule mdudu wa miguu mirefu hapana mbu

Wandugu wakulima wa Bukama,

Mvua ikianza, jioni tunaona mdudu mkubwa wa miguu mirefu anakuja kujipiga-piga ukutani karibu na taa. Watu wanaogopa: kama mbu mdogo analeta malaria, huyu mkubwa ataleta nini? Basi wanatoa franka kununua dawa ya kumuua. Tumwangalie vizuri kwanza.

Namna ya kumtambua

Mdomo: mbu jike ana mdomo mwembamba kama sindano, wa kunyonya damu. Huyu hana sindano hiyo. Haumi mtu, haumi mbuzi.

Miguu: ni mirefu kupita mwili, tena inakatika mbio. Ukimshika, mguu unabaki mkononi.

Mkia: wa jike una ncha kali. Ile hapana mwiba. Anautumia kuingiza mayai ndani ya udongo. Kisha kutaga, haishi siku nyingi.

Anakaa wapi?

Watoto wake ni funza wa rangi ya udongo, hawana miguu. Wengi wanakaa kwenye matope pembeni ya Lualaba, kwenye mifereji, na chini ya majani yanayooza. Wanakula yale majani na kuyarudisha kuwa udongo. Samaki, vyura na ndege nao wanawakula wao.

Lakini tusiseme wote ni wema. Kuna aina zinazokula mizizi. Kule Ulaya zinaharibu malisho ya ng'ombe. Kwa hiyo, ukikuta miche imekatwa, chimba karibu na shina, angalia. Funza mnene anayejikunja kama pete, mwenye miguu sita midogo karibu na kichwa, ni mtoto wa kipepeo cha usiku. Huyo ndiye anakata miche usiku. Usimsingizie mwingine.

Franka ziende wapi?

Malaria inaletwa na mbu anofelesi jike, na watoto wake wanakaa ndani ya maji yaliyosimama, hapana ndani ya matope. Tukimwaga dawa ya shamba pembeni ya mto, malaria inabaki, na samaki wetu wanakufa. Afadhali tununue chandarua, watoto na mama wenye mimba walale ndani yake kila usiku, tena tufukie mashimo ya maji karibu na nyumba.

Ukipata funza usiyemjua, umtie ndani ya chupa pamoja na udongo kidogo, umlete kwenye mkutano wa kooperative. Tutamwangalia pamoja mbele ya kununua dawa.