Mswada wa Mdudu Mpya

Mdudu mgeni kwa sayansi hahesabiwi kuwa na jina mpaka maelezo yake yachapishwe. Kwanza mtafiti huupeleka mswada kwa mhariri wa jarida, mathalani lile la wadudu wa nchi za joto lililoanzishwa na kituo cha ICIPE, Nairobi, mwaka 1980. Mhariri naye huwapa mabingwa wa fani hiyo waupime, kisha washauri ukubaliwe, urekebishwe au ukataliwe.

Tangu mwaka 2000, kanuni za kimataifa humtaka mwandishi ateue kielelezo cha jina jipya na kutaja hifadhi kitakamowekwa. Shaka ikizuka baadaye, kielelezo hicho ndicho shahidi.

Ukali huu una sababu. Mbu *Anopheles gambiae* na *Anopheles arabiensis*, wote waenezao malaria, hawatofautiki kwa macho. Lakini wa kwanza hupendelea damu ya binadamu, na wa pili huuma ng'ombe pia. Kwa hiyo mswada usioeleza jinsi mbu walivyotambuliwa hurudishwa: jina likikosewa, hata kinga hukosewa.