Vigemu vya kizamani vimerudi kivingine: ni dili au ni kupigwa?

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mtaani kwetu, anayeendesha bodaboda ya mtu, alinifuata barazani baada ya magharibi, simu mkononi. "Shikamoo braza. Hebu niangalizie hiki kitu."

Nikaangalia. Kigemu kidogo cha kijivu, unaweza kukifunika kwa kiganja, kina pedi mbili za waya na boksi limeandikwa "620". Yaani gemu 620 zimo humo humo ndani, hakuna kaseti. Muuzaji anataka 85,000. Dogo ana 180,000, hela aliyoidunduliza miezi minne. Hesabu yake: anunue viwili, aweke barazani kwa mama yake, watoto wa mtaa walipie, mwisho wa mwaka atafute pikipiki yake mwenyewe.

Nikamwambia dogo nipe siku mbili nifikirie. Majibu yangu nayaweka hapa, maana najua sio yeye peke yake. Vitu hivi vimejaa kwenye simu zetu, na picha zake zinavutia kinoma.

Tulikotoka

Wa umri wangu wanakumbuka. Huku Bara televisheni zilichelewa, ITV ilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo sisi wa pwani mwenye antena ndefu ndiye aliyenasa TV Zanzibar, na nyumba yake jioni ilijaa kama harusi. TV zilipoingia mitaani zikaja na gemu za kaseti. Mario, Contra, na ile ya kupiga bata kwa bunduki ya plastiki. Sebule moja hapa Mabawa tulikuwa tunalipa shilingi 50, ukifa unampisha mwenzio. Kufa kwenye Contra lilikuwa jambo la dakika mbili, kwa hiyo 50 ilikuwa inauma.

Sasa wengi hatukujua kitu kimoja. Mashine tulizochezea nyingi hazikuwa Nintendo. Nintendo yenyewe ilitoa Family Computer huko Japani Julai 1983, na toleo la Marekani, NES, likatoka 1985. Zilizotufikia sisi zilikuwa nakala zilizotengenezwa Asia, mashine nzima ikabanwa kwenye chipu moja. Sio sisi tu, Warusi walikuwa na yao inaitwa Dendy, tangu 1992. Kwa hiyo wadau, utoto wetu tuliucheza kwenye feki, na raha tuliipata vile vile. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Orijino ni zipi?

Novemba 2016 Nintendo walitoa kigemu kidogo kwa umbo lile lile la NES ya zamani. Gemu 30 ndani, bei dola 60 kasoro senti. Kikagombewa sana, wakaacha kukitengeneza Aprili 2017, kikarudi Juni 2018. Septemba 2017 walitoa cha SNES, gemu 21, dola 80. Sony nao wakatoa PlayStation Classic tarehe 3 Desemba 2018, gemu 20, dola 100. Sega wakaja na Mega Drive Mini Septemba 2019, gemu 42, dola 80.

Ndani ya hivi vya kisasa hamna chipu za zamani. Ni kikompyuta kidogo chenye programu inayojifanya mashine ya zamani. Wenyewe wanaita emuleta. Faida yake unaweza kusimamisha gemu popote na kuhifadhi, ukaendelea kesho. Zamani umeme ukikatika ulikuwa umerudi hatua ya kwanza, machozi yanakutoka.

Hivi vya Nintendo na cha Sony havitengenezwi tena. Ukikuta "kipya kabisa" kwa bei chee, jiulize mara mbili kimetoka wapi.

Cha gemu 620 ni kitu gani?

Alichoonyeshwa dogo sio cha Nintendo. Kimeigwa sura tu. Ndani kimerudi kule kule kwenye chipu moja ya miaka ya 90. Kukitambua sio kazi:

1. Angalia waya wa TV. Orijino cha Nintendo kinatoa picha kwa HDMI tu. Cha 620 mara nyingi kina waya za AV, ile nyekundu, nyeupe au njano. Lakini kuna feki zenye HDMI pia, kwa hiyo usiishie hapo.

2. Hesabu gemu. Orijino cha NES kina 30 tu. Vya mamia ni feki, na hizo mamia zenyewe zimechakachuliwa: gemu ile ile inajirudia kwa jina jingine, au imeanzishwa hatua ya tatu ikahesabiwa gemu mpya.

3. Jaribu kuhifadhi. Cha 620 hakihifadhi. Ukizima umeanza upya.

4. Kikiharibika. Chipu yake imefunikwa na tone la gundi nyeusi, fundi hawezi kuigusa. Kikifa ni cha kutupa.

Vipo pia vile vya kuchomeka nyuma ya TV kama flashi, vinatangazwa kuwa na gemu 10,000 na pedi zisizo na waya. Hivyo ni emuleta na memori kadi. Gemu zake zimenakiliwa bila ruhusa ya wenye nazo, na ile kadi ndiyo roho ya mashine. Ikifa, umebaki na plastiki. Mwaka 2024 polisi wa Turin, Italia, walikamata mashine kama 12,000 za namna hii zikiwa na gemu za kunakili. Mbali na suala la hakimiliki, walisema pia betri na nyaya zake hazikukidhi viwango vya usalama. Hilo la nyaya ndilo lililonishtua zaidi, maana sisi tunachomeka kwenye ekstensheni iliyobeba friji, feni na chaja tano.

Je, orijino kinatufaa sisi?

Hapa ndipo nilipocheka. Binamu yangu anaishi Muscat, alikuja likizo 2019 na NES Mini orijino. Tukakaa sebuleni watu wazima na ndevu zetu. Kitu cha kwanza tukatafuta Contra. Haimo! Ipo Super C, yaani ile ya pili. Tukatafuta bata. Hawamo! Tena ile bunduki hata ungekuwa nayo haifanyi kazi kwenye TV za flati, ilitegemea namna TV ya chogo inavyochora picha. Waya wa pedi nao mfupi, haufiki hata mita moja, tukawa tumekaa chini mbele ya TV kama watoto wa chekechea. Na pedi ilikuja moja tu, kwa hiyo ni kupokezana.

Tulicheza mpaka saa sita usiku, raha tupu. Kesho yake hakuna aliyekigusa.

Na mpira? Hiyo ndiyo gemu ya vijana wa Tanga, mji wa Coastal Union na African Sports. Kwenye NES Mini, SNES Mini na PlayStation Classic hakuna soka hata moja. Ukiona neno "Bowl" kwenye orodha ya NES, huo ni mpira wa Wamarekani wa kukimbia na kofia ngumu.

Cha Sony nacho kina kasoro yake. Gemu 9 kati ya 20 waliweka toleo la Ulaya linaloenda picha 50 kwa sekunde badala ya 60, na Tekken 3 imo humo. Aliyezoea Tekken anahisi kabisa ngumi zinachelewa. Bei ilishuka haraka baada ya kutoka, na haikushuka kwa huruma.

Hesabu ya dogo

Tuseme amenunua kimoja, 85,000. Watoto wawili wanacheza pamoja, kila mmoja 100 kwa dakika 10. Kwa saa ni 1,200. Muda wa kucheza hapa kwetu mnaujua: shule, kisha madrasa, kisha unabaki muda mfupi kabla ya magharibi. Weka saa mbili, 2,400 kwa siku kama hakuna dakika iliyolala. Weka ukweli, nusu ya muda ni tupu: 1,200. Kurudisha 85,000 anahitaji siku 71 mfululizo, bila kukatika umeme, bila mvua, bila pedi kufa. Na umeme wenyewe wa TV sijautoa.

Pedi za bei hiyo mipira yake ya ndani inachoka upesi, na joto letu na hewa ya chumvi ya bahari haiisaidii. Kwa hiyo siku ya 71 anaweza kuwa amerudisha mtaji na kigemu kimeshakufa. Hapo faida iko wapi?

Halafu nikamuuliza, "Dogo, viwili vya nini? Mama ana TV ngapi?" Akanyamaza. Moja.

Angesema achukue orijino? Dola 60 kwa 2,500 ni 150,000, hiyo ni bei ya dukani Marekani enzi zile. Ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, 180,000 yake imeshazama. Na TV ya mama ni ya chogo, haina tundu la HDMI, kwa hiyo anunue na kibadilishio.

Basi afanye nini?

Kwa biashara, nilimwambia atafute PS2 iliyotumika. Sony waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, lakini ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, kwa hiyo pedi na vipuri bado vinapatikana, na mafundi wanaijua ndani nje. Inakubali AV, TV ya chogo inafaa. Inahifadhi kwenye memori kadi. Na ina soka, FIFA 14 na PES 2014 zilitoka mpaka kwake. Soka ndiyo inayomleta mtoto kesho na keshokutwa, maana jana alifungwa na anataka kulipiza. Mario akishamalizwa, amemalizwa.

Ila asinunue kwa picha. Aende na mtu, iwashwe, ichezwe nusu saa nzima, CD ibadilishwe mara tatu, kila kitufe kibonyezwe. Muuzaji akisema "ichukue tu, nzima hiyo, TV yetu ndiyo mbovu", aondoke.

Kwa anayetaka kumbukumbu tu, simu uliyonayo inatosha kuonja. Emuleta za bure zipo kwenye Android miaka mingi, na Apple nao waliziruhusu 2024. Kumbuka tu emuleta yenyewe na gemu za kunakili ni vitu viwili tofauti, hizo gemu zina wenyewe.

Na kigemu kidogo chenyewe? Kinunue kama hela ya kula, ya ada na ya kodi ipo pembeni, TV yako ina HDMI, na unajua kwa jina gemu gani unaitaka na umehakikisha imo. Kwa mzazi anayetaka kumwonyesha mwanawe alichocheza zamani, ni zawadi nzuri. Cha 620 nacho, ukikipata kwa bei ya kuchezea, sio dhambi. Nilisema mwanzo, sisi wenyewe tulikulia kwenye feki na tulifurahi. Ubaya unaanza pale unapokilipia kama orijino, au unapokitwisha mzigo wa kukununulia pikipiki.

Dogo alisikiliza yote, akashika kidevu. "Sawa braza, nimekuelewa. Lakini hiyo Contra ikoje kwani?"

Nikampa simu yangu. Alikufa ndani ya dakika mbili, kama sisi tu. 180,000 bado iko kwa mama yake, na Jumamosi tunaenda wote Ngamiani kuangalia PS2.

Wadau mliowahi kuweka gemu za biashara mtaani, hesabu zangu ziko sawa au nimemtisha bure? Mwageni uzoefu wenu, dogo anasoma.

Nawasilisha.