Ukiona Oili Kwenye Gurudumu la Nyuma

Land Rover 109 ikishuka kwa njia ya Seneto hadi chini ya Kreta ya Ngorongoro inateremka mita zipatazo 600. Ikiwa na watu na mizigo, uzito wake unakaribia tani mbili na nusu. Uzito huo ukizuiwa na breki peke yake, joto linalozaliwa kwenye dramu nne linatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji. Ndiyo maana dereva mzoefu hashuki kwa kukanyaga. Anaingiza gia nzito, anaiachia injini kazi ya kuzuia gari, na breki anaigusa kwenye kona tu. Viatu vya breki za nyuma vikiwa vimelowa oili, hata huko kugusa hakumsaidii.

Magari ya watalii sasa ni Land Cruiser kwa wingi, na nyingi kati ya hizo bado zina dramu nyuma. Lakini Land Rover za kale hazijafa. Waliozishuhudia zikijaa Arusha kwenye tamasha la Oktoba 2024 wanajua, na ukisimama Karatu siku ya mnada utaziona zikipanda na magunia ya maharage. Ugonjwa wake naujua kwa mbali: mstari mweusi unaong'aa ndani ya tairi la nyuma, na vumbi jekundu limeganda juu yake. Mwenye gari anakuwa ameshabadilisha sili ya habu mwaka jana, akabadilisha tena baada ya masika, na bado inavuja. Analaumu sili feki. Feki zipo, sikatai. Ila sili ni mdomo wa mpira uliokumbatia chuma. Ikivuja mara ya tatu, kuna kitu kinachoisukuma oili au kinachoukata mpira.

Kwanza hakikisha ni oili gani. Gusa ule unyevu kwa kijiti, ukizamishe kwenye kikombe cha maji. Mafuta ya breki yanachanganyika na maji na kupotea. Hapo mgonjwa ni silinda ya breki, na sili ya habu haina kosa. Oili ya difu inaelea, na harufu yake kali ya kiberiti huwezi kuikosea.

Ikiwa ni ya difu, usikimbilie kufungua gurudumu. Ingia chini ya gari utafute kipumulio, kile kidude kidogo kilichofungwa juu ya ekseli. Gari likipanda kwa njia ya Lerai kutoka kreta, difu inafanya kazi nzito na kupata moto, na hewa iliyo ndani ya ekseli inatanuka. Inatakiwa itokee kwenye kipumulio. Kama kimezibwa na tope lililokauka, hewa inatafuta pengine pa kutokea, na pepesi kuliko pote ni sili za magurudumu. Inatoka na oili. Gari likifika ukingoni kwenye ukungu na baridi, hewa ile inasinyaa na ekseli inaanza kuvuta kwa ndani. Likivuka maji wakati huo, linakunywa. Ukifungua nati ya difu ukakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameshaingia, na beringi nazo zimeanza kuumia. Kipumulio kinafunguliwa kwa spana moja, kinaoshwa kwa petroli na kupulizwa hadi kipumue. Nimeona gari lililokula sili nne kwa sababu ya kidude hicho. Pima pia kiasi cha oili: iishie kwenye tundu la kujazia, isizidi.

Sasa inua gari, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda difu ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lililo hewani linaweza kuzunguka upande huu na lililo chini likazunguka upande ule, gari likaondoka huku breki ya mkono umeivuta hadi mwisho. Ukichomoa hafushafti ndiyo kabisa. Kwa miinuko ya Karatu, tafuta uwanja ulio sawa, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na ekseli ikae juu ya stendi. Usiiamini jeki peke yake.

Toa gurudumu, legeza bolti sita za hafushafti, uichomoe, toa dramu, kisha nati za habu na habu yenyewe. Vumbi lililo ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute kwa kitambaa, kitambaa ukitie kwenye mfuko na kuufunga.

Kabla ya sili mpya, tazama bushi ambayo mdomo wa sili unazungukia. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili yoyote utakayoweka, hata ya bei kubwa, itavuja. Badilisha bushi. Beringi nazo zizungushe kwa vidole ukisikiliza. Zikikwaruza au habu ikicheza, mpira unasuguliwa upande mmoja hadi unakatika. Sili inaingia mdomo wenye springi ukitazama ndani, iliko oili. Paka mdomo huo oili kidogo, weka kipande cha mbao bapa juu yake, ugonge pole pole ukizunguka ili isiingie kombo. Ukifunga nati, acha mchezo wa takriban milimita 0.1, unene wa karatasi ya kuandikia, halafu kunja washa ya kufungia.

Viatu vilivyolowa vinatupwa. Najua vinauma bei, na najua mtindo wa kuvimwagia petroli na kuviwasha moto hadi vionekane vikavu. Oili iliyonywewa na lainingi inabaki ndani. Itajitokeza tena viatu vikipata joto, yaani katikati ya mteremko. Badilisha vya magurudumu yote mawili ya nyuma, la sivyo gari litavuta upande mmoja kila ukikanyaga. Kwa kuwa mipira ya breki hukuigusa, hakuna haja ya kutoa upepo. Seti viatu kwa nati zilizo nyuma ya sahani: kaza hadi gurudumu likamatike, rudisha kidogo hadi lizunguke huru.

Panda na gari hadi geti la hifadhi la Lodoare, urudi Karatu bila kukimbia. Gusa habu zote mbili za nyuma kwa kiganja. Joto lake lilingane. Iliyo moto zaidi ama nati imebanwa mno ama viatu vinaburuza. Usiku tandika boksi safi chini ya kila gurudumu la nyuma, na asubuhi yatazame maboksi hayo kabla hujawasha gari.