Tabo inapokula vumbi la Dodoma

Feni ile ilikuwa juu ya meza ya gereji moja ya Kizota, imesafishwa kwa petroli na inang'aa. Ni ya aluminiamu, inaenea kiganjani, na ilitoka kwenye tabo ya Subaru Forester, yaani kile kifaa kinachosukumia injini hewa. Ukiiona kwa mbali utasema nzima. Isogeze machoni: kingo za mapanga zimelika, ncha zimekuwa butu, na panga moja lina pengo. Hakuna jiwe lililoingia humo. Feni hii huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo vumbi linageuka msasa.

Gari hilo lilikuwa limevuliwa boksi la ea klina la kiwandani, likafungwa chujio la koni ya wazi, ile inayopendwa na vijana kwa sababu gari "linapumua" na kuvuma ukikanyaga mafuta.

"Wanasema hewa ya huku nyepesi, gari lisaidiwe," anasema fundi. "Sasa tabo iliwekwa ya nini?"

Ana hoja. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi kidogo ya asilimia 10. Gari lisilo na tabo hulegea. Lenye tabo huzungusha feni zaidi likafidia. Tena boksi la kiwandani huvuta hewa kutoka nje, wakati koni hunyonya joto la chini ya boneti.

Lakini kinachomkera hasa ni kiangazi, miezi ya visulisuli. Kipimo chake ni kitambaa cheupe. Analegeza klipu ya bomba linalotoka kwenye chujio kwenda kwenye tabo, anavingirisha kitambaa kidoleni, anapangusa ndani polepole. Kwenye gari lenye koni kilitoka chekundu. "Hili limeshapita. Linakwenda kwenye silinda."

Nikamwomba apime na gari jirani, lenye boksi lake la kiwandani. Kitambaa kikatoka chekundu pia, ingawa si sana. Fundi akacheka kidogo. Chujio la karatasi limepulizwa kwa kompresa mara nyingi mno hadi limetoboka, na anayelipuliza ni yeye. Wateja hawataki kununua jipya. Na jipya lenyewe, kwa wingi wa bandia madukani, nani atalithibitisha?

Kijana mmoja mwenye Forester kama ile alikuwa akisikiliza. "Fundi, nikifunga koni ndani ya boksi lililozibwa, bomba livute hewa ya nje?"

"Hapo sawa, mdogo wangu. Utakuwa umerudisha gari lilivyotoka Japani, ila umelipa mara mbili."

"Na mlio je?"

"Mlio utapungua."

Kijana akauliza bei ya koni ya wazi.