Mashine ya kuchomelea inagandisha rodi? Anza na waya

Wadau wa Migato na Bariadi, nyie mnaojiundia mkokoteni wa ng'ombe nyumbani kwa ekseli ya pikapu chakavu, msikimbilie kusema mashine imekufa. Mara nyingi ni waya. Mashine inataka volti 230. Ukiivutia umeme mita 50 kwa ule waya mwembamba wa taa, nguvu inapotelea njiani, rodi inaganda kwenye chuma, na waya wenyewe unachemka. Ukiuacha umeviringishwa ndo balaa, unaweza kuwaka! Tafuta waya mnene, mfupi, uukunjue wote. Rodi zilizokula unyevu nazo zinasumbua. Halafu gonga magamba uangalie: kiungo kilichonata juu juu tu kitaachia siku mkokoteni umejaa pamba, na dogo kakaa juu.